SIKU 30 HAZIFIKI AROBAINI

Wengi wenu mna watoto wanaofanya kazi Marekani, na akina mama wengine husafiri kwenda huko kulea mzazi. Mwezi huu twaeleza jambo la fedha za matibabu ambalo desturi yetu yaweza kulichelewesha.

Huko waajiri wengi huwa na mfuko wa matibabu wa wafanyakazi, mbali na bima. Kabla ya mwaka wa mfuko kuanza, mfanyakazi hutaja kiasi cha kukatwa katika mshahara, nacho hakitozwi kodi. Mwaka 2025 sheria iliruhusu hadi dola 3,300. Fedha hizo hulipia gharama ambazo bima haikulipa: daktari, dawa, miwani, meno, hata pampu ya kukamulia maziwa ya mama. Aliyetaja dola 1,200 aweza kuzidai zote mwezi wa pili, ingawa amekatwa 200 tu. Zisizotumika hupotea, ila mifuko mingine huruhusu kiasi kidogo kivuke mwaka.

Kiasi kikishatajwa hakibadilishwi ovyo. Kukosea hesabu si sababu. Jino kuuma ghafula si sababu. Hata mimba si sababu, na hapa ndipo wengi hushangaa: aliyepata mimba katikati ya mwaka hawezi kuongeza makato kwa ajili ya kliniki. Kinachokubaliwa ni hali ya nyumba au kazi kubadilika: ndoa, talaka, kifo cha mwenzi, mtoto kuzaliwa au kuasiliwa, mmoja wao kuanza au kuacha kazi. Tena badiliko lilingane na sababu yake, na utaratibu wa mwajiri uwe unaruhusu, maana sheria haimlazimishi.

Sasa mtoto amezaliwa. Mara nyingi muda wa kupeleka ombi ni siku 30 tu. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, hunywa uji na supu, wala hasumbuliwi na makaratasi. Sisi wauguzi twaisifu desturi hiyo, kwa kuwa mwili wahitaji kupona. Lakini arobaini ikitimia, muda umekwisha siku kumi nyuma.

Bima ya mtoto ni nzito zaidi. Kwa bima ya mwajiri, sheria hutoa angalau siku 30 za kumwandikisha, na akiwahi huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa. Akichelewa, aweza kungoja hadi uandikishaji wa mwaka unaofuata. Mtoto mchanga mwenye manjano au homa hangoji mwaka.

Basi mama aombe fomu ofisini akiwa bado mjamzito, na baba azipeleke juma lile la kwanza. Asikae kungoja cheti cha kuzaliwa. Aulize kama karatasi ya hospitali yatosha kwa kuanzia. Nawe bibi uliyekwenda kulea, hesabu siku hizo pamoja nao, maana wao usiku hawalali.

Akina bibi pia hutuuliza kama mfuko huo waweza kulipia dawa zao za presha huku nyumbani. Hapana. Mzazi anayeishi huku na asiye raia wa Marekani hahesabiwi. Hizo mwanao atazituma kutoka katika mshahara wake uliokwisha kutozwa kodi.