MASHINE ZA KUPACHIKA NA UCHAFU WA KABURETA

Wavuvi wengi wa pwani yetu, tangu Tanga hata Lindi, hutumia mashine za kupachika katika vyombo vyao. Mashine hizi si ngeni duniani: huko Marekani, katika mji wa Milwaukee, Ole Evinrude alianza kuuza zake mwaka 1909. Lakini twaona kwamba wengi wazijua kwa kuziendesha tu, wala hawajui jambo dogo linaloziua. Kwa hiyo yafaa tulieleze.

Kabureta ni mahali ambapo petroli huchanganyika na hewa kabla ya kuingia katika silinda. Ndani yake mna kibakuli cha petroli, na vitundu vyembamba mno, viitwavyo jeti, ambavyo petroli hupitia kwa kipimo. Basi chombo kikikaa pwani majuma mengi, mathalani wakati kusi linapovuma kwa nguvu, petroli iliyomo kibakulini hugeuka mvuke, na kinachobaki huwa kizito kama ulimbo. Ulimbo huo, pamoja na kutu na mchanga wa madumu machafu, huziba vile vitundu.

Watu hudhani hasara yake ni mashine kukataa kuwaka. Hiyo ni hasara ndogo, maana mashine isiyowaka haimtoi mtu pwani. Hatari kubwa ni jeti iliyoziba nusu. Mashine huwaka na chombo huenda, ila petroli iingiayo ni kidogo na hewa ni nyingi, na mchanganyiko wa namna hiyo huzidisha joto. Tena, katika mashine zitumiazo oili iliyochanganywa na petroli, petroli ikipungua, oili nayo hupungua. Hapo pistoni hukosa ulaini wakati ule ule inapozidi kupata moto. Hutanuka, husagana na silinda, na mwisho hukwama. Ama kichwa chake hutoboka. Mashine yenye kabureta zaidi ya moja hudanganya zaidi, kwa kuwa silinda moja yaweza kuona njaa huku nyingine ikiendelea kusukuma chombo.

Dalili zake ni hizi: mashine hukohoa na kuishiwa nguvu ukiongeza moto, bali ukivuta choki kidogo hupata nafuu. Wako manahodha ambao, wakiona hivyo, huongeza moto zaidi wapate kuwahi soko. Huko ndiko kuiua mashine. Wengine huzidisha oili katika tangi, wakidhani wailinda pistoni. Hilo nalo halifai, maana kitundu ni kile kile kilichoziba, na oili ikizidi, petroli ipitayo hupungua tena. Lililo jema ni kupunguza mwendo na kurudi pwani polepole, au kutweka tanga. Pistoni ikikwama katika mlango wa Mafia wakati bahari imechafuka, si mashine tu iliyo hatarini, bali roho za watu.

Kujilinda si kazi ngumu. Kwanza, chuja petroli kila utiapo katika tangi, na chujio la mashine lisafishwe mara kwa mara. Pili, chombo kikipandishwa pwani kwa siku nyingi, fungua parafujo iliyo chini ya kibakuli cha kabureta, umwage petroli yote. Tatu, jeti ikiziba, ioshwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu, mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Isichokolewe kwa waya, kwani kitundu kikipanuka, kipimo chake kimeharibika. Nne, oili na petroli vipimwe kama kitabu cha mashine kinavyoagiza.

Kumwaga petroli ya kibakuli ni kazi ya dakika chache, lakini pistoni iliyotoboka yaweza kula mapato ya mvuvi ya msimu mzima. Hadhari kabla ya hatari.