Mama Kibanda, Doh Yako Inaishia Kwa Jiko! Hivi Ndivyo Mambo ya Kijani Yanaweza Kukuongezea Faida

Ukitaja "mambo ya kijani" mtaani, picha inayokuja ni ile ya kongamano kwa hoteli kubwa: watu wamevaa vitambulisho shingoni, wanakunywa maji ya chupa ya plastiki wakiongea vile plastiki ni mbaya. Msee wa smokie hayuko hapo. Mama chapo hayuko hapo. Wako job.

Lakini ukikaa chini upige hesabu, hao wawili ndio wanaumia zaidi kwa moto. Hoteli kubwa inanunua vitu kwa jumla. Mama wa kibanda ananunua makaa kwa mkebe, na mikebe ikijumlishwa hadi ifike gunia, amelipa kuliko mwenye alinunua gunia. Kila siku anachoma sehemu ya faida yake, na ju inaenda polepole, haoni.

Tuseme kibanda chako kinakula mikebe mitano ya makaa kwa siku, kila mkebe soo moja. Hiyo ni 500. Ukifanya kazi siku 26, umechoma 13,000 kwa mwezi. Sasa kama unatumia jiko la chuma tupu, ama lile la kukatwa kwa pipa, joto kubwa linatoka pembeni na kukuchoma magoti badala ya kupika maharagwe. Jiko lenye udongo ndani, lile tunaita la kisasa ingawa lilianza kusambaa Kenya miaka ya 1980, likitengenezwa vizuri linapunguza makaa kwa 30 hadi 50%. Umbo lake lilitoka Thailand, mafundi wetu wa jua kali wakalichonga upya lifae sufuria zetu. Chukua tu theluthi moja, tusijidanganye na namba tamu. Umebaki na thao nne na kitu kila mwezi. Na hujapandisha bei ya sahani hata bob moja.

Rada moja tu hapa: angalia huo udongo. Ukipasuka na vipande vianze kuanguka, jiko linarudi kuwa chuma tupu na utashangaa makaa yameanza kuisha mapema tena. Huhitaji jiko mpya. Peleka kwa fundi aweke udongo mwingine, pale Kamukunji wako wengi, na bei ni chini sana kuliko kununua lote. Watu wengi wanangoja mpaka chini itoboke. Pia chota majivu kila asubuhi, moto bila hewa unakula makaa na haupiki.

Kitu kingine hakikugharimu hata shilingi: loweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha. Yanaiva haraka zaidi, kumaanisha moto kidogo. Shosho zetu walikuwa wanafanya hivyo bila kuitwa kwa semina.

Kuna wale wameanza kutumia sufuria ya presha ya stima kwa maharagwe. Hapo mimi nasema ndiyo, lakini inategemea. Hiyo sufuria ikishapanda presha inajizima na kujiwasha yenyewe, kwa hivyo haivuti stima muda wote kama ile koili ya kawaida. Na stima ya Kenya, zaidi ya 80% inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, mito, upepo na jua, kwa hivyo huchomi msitu wa mtu. Shida ni saizi. Zile za nyumbani zinabeba lita tano, sita hivi. Kama unauza sahani 20 kwa siku, sawa. Kama una foleni ya watu wa mjengo saa saba mchana, itakuangusha. Jaribu wiki moja, andika token ulizotumia, ulinganishe na makaa. Usiamini msee wa duka, amini daftari lako.

Halafu kuna briketi, yale makaa ya kufinyangwa. Yanatengenezwa na vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia, linachanganywa na kitu cha kushika kama molasi ama udongo, linakandamizwa na kuanikwa juani. Moto wake hauna haraka: yanachelewa kushika, lakini yakishika yanakaa. Weka kwa supu, maharagwe, matumbo, kitu cha kuchemka masaa. Usiweke kwa chapo, ju chapo inataka moto mkali wa ghafla na utaharibu unga bure. Kuna watu walijaribu briketi kwa chapo, wakakasirika, wakasema ni ukora. Si ukora, ni kazi tofauti. Na kama unauza makaa wewe mwenyewe, hilo vumbi unafagia na kumwaga ni bidhaa.

Lakini briketi nazo ni makaa tu. Zinatoa ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kwa hivyo usifunge kibanda mlango na jiko ndani ju ya baridi ya Julai. Tafadhali.

Sasa tuingie kwa kinyozi. Mashine ya kunyoa haili stima mingi. Kinachokula ni taa za zamani, draya na kuchemsha maji. Una balbu tatu za wati 60, zinawaka masaa 12? Hiyo ni zaidi ya unit mbili kwa siku. Balbu za LED za wati 9 zinakupa karibu mwanga ule ule kwa theluthi ya unit. Kwa siku 26 umeokoa karibu unit 47. Piga mara bei ya unit yako uone. Balbu tatu zinajilipa zenyewe haraka, na hakuna loni hapo.

Loni ndio nataka tuongee polepole. Sola ya kulipa pole pole kwa M-Pesa ilianza kuvuma Kenya na M-KOPA kutoka 2012, na imesaidia watu wengi waliokuwa kwa giza na taa ya mafuta. Kama kibanda chako hakina stima, ama stima inapotea kila Jumamosi jioni wateja wakiwa kwa kiti, sola ya taa na mashine ni form poa. Lakini kama una stima tayari na inakaa, usichukue paneli ya maelfu ndio uonekane wa kijani. Uliza maswali matatu kabla ya kutoa kitambulisho: nitalipa jumla ya ngapi hadi mwisho, si kwa siku? Nisipolipa siku mbili, inazimwa? Na je, inabeba draya? Mara nyingi jibu la mwisho ni hapana. Ukikosa hata siku ya mvua kukuachia faida, hiyo loni itakula ile pesa makaa yalikuwa yanakula.

Takataka nayo. Maganda ya viazi, mabaki ya sukuma, wali wa chini: ukichanganya na makaratasi, unamlipa mtu azibebe. Ukitenga, kuna mtu anazitaka. Wafugaji wa nguruwe na sungura wanapita mtaani wakitafuta, na siku hizi kuna wanaofuga mabuu ya nzi weusi ili kulisha kuku. Hata icipe pale Kasarani wamefanya utafiti mwingi juu ya hao wadudu. Ndoo mbili tu, moja ya mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu. Isitoshe, sheria ya taka ya 2022 inataka utenge.

Na mifuko mnajua. Tangu Agosti 28, 2017, mfuko wa plastiki unaweza kukuletea faini ya hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4, na bado kuna wasee wanaificha chini ya meza kama bangi. Mifuko ya kubebea nayo si bure. Kwa hivyo yule mtoto anatumwa na sufuria kununua maharagwe ya finje, usimkunjie uso. Amekuokolea mfuko. Muongezee upawa mmoja wa supu, kesho mamake atamtuma kwako tena, si kwa jirani.