Mtupa Jongoo na Mti wa Bamburi

Wahenga walinena kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi walimu huifafanua methali hii kila mwaka: anayeachana na kibaya, na aachane na kila kinachoambatana nacho. Jongoo ndiye kibaya chenyewe. Lakini kule Bamburi, Kisauni, upo msitu unaotudai tumsemee jongoo kwa adabu.

Kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1954. Kilichimba mawe ya matumbawe hadi karibu na maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi, kikaacha matimbo makavu yasiyo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuyapanda miti. Alijaribu aina 26. Zilizohimili ni tatu tu, na kinara wao ukawa mvinje. Mti huu huvumilia chumvi na, kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, hujipatia naitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo, kupanda si kurejesha. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakalala bila kuoza, kwani yamejaa tanini. Pasipo kuoza hapana mboji, na pasipo mboji mbegu nyingine haina pa kushika. Ndipo walipoletwa majongoo. Waliyatafuna majani yale, bakteria wakaimalizia kazi katika kinyesi chao, na udongo ukaanza kujengeka. Baada yake ikaja miti ya kiasili ya pwani, ndege na wanyama. Wageni walifunguliwa milango mwaka 1984, na leo mahali hapo huitwa Haller Park.

Sikisifu kiwanda. Jiwe lililochimbwa halirudi, na msitu wa shimoni si ule wa awali. Ninachosema ni kuwa miche iliyopandwa siku moja mbele ya kamera, kisha ikasahauliwa, haiponyi ardhi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inadai mipango ya kurekebisha ardhi iliyochimbwa. Basi mwanafunzi wa Likoni au Changamwe apitapo kando ya timbo lililoachwa wazi, na aulize: udongo wake utatoka wapi, na nani ataujenga?

Katika methali, mti ni kijiti tu cha kumwondolea mdudu. Bamburi neno hilo limerudia maana yake kuu: ukimtupa jongoo, umeutupa na msitu.