Mbio za Nyanda za Kati: Kweli au Si Kweli?

Msimu wa mbio ukikaribia hapa Dodoma, maneno hayakosi: ofisini, kwenye daladala, gengeni. Mengine ni ya kweli. Mengine yamerudiwa mpaka yamezoeleka, na yapo yanayotunyima haki yetu sisi watu wa kati. Hayo siwezi kuyaacha yapite.

"Kilimarathon wanapanda mlima mpaka kileleni."

Si kweli. Mbio hizo, zinazofanyika Moshi tangu 2003, huanzia mjini na kuishia mjini. Wakimbiaji huishika barabara ya Mweka, wakapanda hadi kwenye migomba na kahawa, kisha wakageuza. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kukifikia ni safari ya siku kadhaa, si ya asubuhi moja.

"Mbio za Dodoma ni fulana na picha tu."

Si kweli. NBC Dodoma Marathon, iliyoanza 2020, huchangisha fedha za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaotibika ukigunduliwa mapema. Picha piga, lakini ujue namba uliyoibandika kifuani inamsaidia mama wa mtu.

"Ukitaka mlima na ziwa, toka nyanda za kati."

Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Amka alfajiri ukimbie kando ya Singidani. Upepo unakupiga usoni, heroe wamesimama majini kwa mguu mmoja. Ukingoni tope limekauka likaacha ukoko mweupe wa chumvi, unaovunjika chini ya kiatu kama ukoko wa wali. Ukigeuka unaona majabali yamepandana, jiwe juu ya jiwe, utadhani kuna aliyeyapanga. Shika barabara ya Babati na utafika Katesh, chini ya Hanang, mlima wa mita 3,420 ambao mwenye miguu iliyozoea huupanda na kuushuka kwa siku moja.

Ziwa, majabali, mlima jirani, na lami inayoviunganisha: kila kinachohitajika kwa tamasha kubwa la kila mwaka la mbio, baiskeli na kupanda milima kipo. Tunasafiri mbali kutafuta tulichokiacha nyumbani.

"Maji ya maziwa hayo hayanyweki."

Kweli. Ni ya chumvi. Beba chupa yako.

"Hewa ya kwetu peke yake inatosha kutoa bingwa."

Nusu kweli. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi, Singida karibu 1,500. Kwenye mwinuko hewa huwa nyepesi, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Lakini faida hiyo huonekana vizuri zaidi kuanzia mita 2,000 hivi. Iten, kule Kenya, iko kwenye mita 2,400. Ndiyo maana wakimbiaji wetu wengi huhamia Arusha, wakajifua kwenye miteremko ya Meru. Kwetu wanapata mwanzo: njia ndefu za vumbi, mchakamchaka wa shule, na miguu iliyozoea kwenda mbali.

"Riadha ni ya Arusha na Manyara, kati hakuna kitu."

Si kweli hata kidogo. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957. Alishinda mbio za New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Vijana wangapi wa mji huu wanalijua jina lake? Lifundisheni shuleni.

Kisha yupo Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida. London mwaka 2017 alipata shaba ya dunia. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, baada ya kilomita 42 alijikuta mita za mwisho bega kwa bega na Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua: Simbu mbele, kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na ilivaliwa na mtoto wa nyanda za kati.