"Jiachie" Si Maelekezo

Miaka yangu ya kwanza studio nilikuwa na neno moja la kuwaongozea watu: "Jiachie." Binti kasimama kwenye karatasi nyeupe, gauni la kitenge limepigwa pasi likanyooka, taa mbili zinammulika usoni, watu wanne asiowajua wanamkodolea macho, nami nyuma ya kamera namwambia ajiachie. Akijitahidi kujiachia, mabega yanapanda. Nikiongeza sauti, "Jiachie bwana, kuwa kawaida!", mabega yanafika masikioni.

Siku moja ya namna hiyo iliokolewa na fyuzi. Taa ilizimika, nikainama kutafuta fyuzi ya akiba kwenye begi, na nilipoinua kichwa nikamkuta dada yule kapata la kufanya. Kilemba kilikuwa kimelegea, naye alikuwa anakifunga upya: viwiko juu, macho chini, pini kaibana kwa midomo. Nikapiga kwa taa moja iliyobaki. Mteja alipopitia picha zote za siku hiyo, zaidi ya mia mbili, aliichagua ile kuwa jalada la katalogi yake.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Mimi nilikuwa nadai hali. Fyuzi ilimpa kazi. Kujiachia ni hali, na hakuna mtu aliyewahi kuamrishwa hali akaipata. Kufunga kilemba ni tendo, na mikono ya binti yule ilikuwa imelifanya mara elfu kabla hajaniona. Mwili uliozoea tendo hauulizi unaonekanaje.

Tangu hapo nawaelekeza watu kwa vitenzi. Kiswahili kinatupendelea sana katika hili. Vivumishi vyake halisi ni vichache, unaweza kuviandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari ukamaliza. Vitenzi havina ukomo, na vingi ni vya mwili. Egemea. Chutama. Kunja nne. Jishike kiuno. Rembua macho. Betua midomo. Mwambie mtu "shika tama" na kwa maneno mawili umeshampangia kiganja, shavu, kiwiko na mlalo wa kichwa, na huzuni kidogo juu yake. (Ila uangalie unamwambia nani na kwa tangazo gani. Wapo wanaoona kushika tama ni uchuro, na mwenye duka la nguo za harusi hatakushukuru.) Linganisha na "kuwa mrembo", "kuwa na mvuto", "onyesha kujiamini". Atafanya nini kwa mikono yake akisikia hayo? Ataificha nyuma, kwa sababu mkono usio na kazi hujificha. Mpe kazi: afunge kifungo cha mkono wa shati, avae hereni polepole, aikunje ncha ya khanga. Usisubiri amalize, picha nyingi nzuri ziko katikati ya tendo.

Lugha yetu ina hazina nyingine, vitenzi vya kutendua: kunja na kunjua, fumba na fumbua, mikunjo yote ya uso ikifunguka kwa silabi moja. Mpiga picha mchanga husema "usikunje uso". Maskini mwanamitindo hakujua kama kaukunja. Sasa anajua, na kuanzia hapo akili yake yote iko kwenye paji la uso. Sema "kunjua uso", umempa njia badala ya kosa. Na macho yakichoka kwa mwanga, kama yachokavyo baada ya saa nzima, nasema "fumba macho, nikifika tatu fumbua". Nahesabu, nafyatua mara tu anapofumbua. Kwa nukta hiyo moja macho huwa mapya.

Nije kwenye cheko, maana ndipo wengi tunapokosea. "Cheka" na "tabasamu" si amri moja. Mswahili akiambiwa "cheka" bila cha kuchekesha, atatoa meno. Ataonyesha meno yote kama kwa daktari wa meno, na macho yatabaki pale pale yalipokuwa. Sababu yake iliandikwa zamani. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha kitabu kuhusu misuli ya uso. Aliisisimua kwa umeme, mmoja mmoja, na mtu wake mkuu wa majaribio alikuwa mzee kibogoyo. Picha za mwanzo alizipiga kwa msaada wa Adrien Tournachon, mpiga picha na ndugu wa mpiga picha Nadar. Duchenne aliona kwamba msuli unaovuta pembe za midomo hutii amri ya mwenyewe, lakini ule unaozunguka jicho huitika pale furaha inapokuwa ya kweli. Ndiyo maana picha ya "cheka!" inaonekana kama watu wawili wamegawana uso, wa juu kanuna na wa chini kafurahi.

Mimi siagizi kicheko. Naweza kumwomba acheke kwa uongo, kwa makusudi, kwa sauti kubwa ya kipuuzi, "ha ha ha" kama jambazi wa maigizo ya redioni. Kicheko hicho cha bandia ni kibaya mno hata yeye mwenyewe anakiona kibaya, anacheka kweli. Hapo pia sipigi. Kilele cha kicheko kina meno mengi, macho yamefungwa, shingo imejaa mishipa. Nasubiri mkia wake, pale anapovuta pumzi na midomo inarudi kukutana huku macho bado yana kicheko ndani. Mkia huo ni sekunde moja, pengine mbili. Ukikaa unaangalia skrini, umeukosa.

Aliyejua kuliko wote thamani ya kumpa mtu kazi ni Philippe Halsman wa New York. Alikuwa na mazoea ya kuwaomba watu aliowapiga picha waruke juu. Richard Nixon aliruka akiwa Makamu wa Rais wa Marekani; Marilyn Monroe aliruka; hata Duke wa Windsor, aliyekiacha kiti cha ufalme wa Uingereza, aliruka yeye na mkewe. Mwaka 1959 picha hizo zikatoka katika kitabu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu anayeruka akili yake iko kwenye kuruka, hana nafasi ya kuulinda uso wake. Sisemi kila mteja wako arukishwe. Mama mwenye miaka sitini aliyekuja na mkufu wa dhahabu na gauni la mtandio hutamwomba aruke. Ila kutembea hatua tatu kuja kwenye alama ya utepe sakafuni, kugeuka kana kwamba kaitwa, kuketi na kuinuka, vyote hivyo ni miruko midogo.

Sasa mambo ya fundi. Kulia na kushoto ni balaa. Mnatazamana, kulia kwako ni kushoto kwake, na mtu mwenye hofu husahau hata mkono anaolia wali. Nilishaacha. Nasema "geukia dirishani", "sogea upande wa feni", "pua iende kwenye taa". Pua ndiyo dira ya uso: ukiielekeza, unajua kivuli kitaangukia wapi. Ukitaka kuonyesha kwa mwili wako, mwambie mapema "niige kama unajitazama kwenye kioo", kisha wewe uinue mkono ulio upande mmoja na ule unaotaka auinue. Na shuka mwenyewe ukafanye hilo pozi. Ukilifanya wewe mwenye kitambi, kwanza atacheka, pili atajua kwamba huna aibu mbele yake, na tatu utagundua kwamba baadhi ya mipozi unayowaagiza watu inauma mgongo.

Kidevu kina siri yake. "Inua kidevu" hufungua matundu ya pua; "shusha kidevu" huleta kidevu cha pili hata kwa mwembamba. Kinachotakiwa ni paji la uso kuja mbele, kuelekea lenzi, kisha kuinama kiasi cha unene wa kidole. Ngozi ya shingo inavutika, mstari wa taya unajichora. Tatizo ni kwamba anayefanya hivyo anajihisi kobe anayechungulia kutoka gambani, na akitazamwa ubavuni ni kobe kweli. Mwambie kabla. "Utajiona kituko, mbele unapendeza." Kisha mwonyeshe picha moja kwenye skrini ya kamera. Hutarudia maelezo tena siku hiyo.

Umbali nao ni sehemu ya mazungumzo, na wanaonunua lenzi kwa kusoma bei tu hawalijui hili. Kwa kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 85 inaniweka kama mita 2 kutoka kwa mtu ninayempiga kuanzia kiunoni kwenda juu. Mita 2 ni umbali wa kuzungumza barazani. Nikifunga ya milimita 200, picha ile ile inanirudisha hadi mita 5 hivi, na katika studio yenye feni na muziki hapo unaanza kupiga kelele. Amri laini ikipigiwa kelele inakuwa karipio.

Lakini kelele haijaniharibia kazi nyingi kama ukimya. Napiga picha tatu, nainama kutazama skrini, nakunja uso kwa sababu taa ya nyuma imezidi, nazungusha kitufe, sisemi kitu. Mimi nawaza taa. Yeye, aliyesimama peke yake kwenye mwanga wakati wenzake wote wako gizani, anawaza pua yake. Nikiinua kamera tena nakuta mtu mwingine. Kwa hiyo siku hizi makosa yangu nayatangaza: "Hiyo ni taa yangu, wewe baki hapo hapo." Na kusifu nako kuna namna. "Nzuri, nzuri, nzuri" ikitoka kila fleshi inapowaka inageuka kuwa mlio wa mashine. Sema kilicho kizuri ili akitunze: "Hilo bega, libaki." "Hayo macho ya sasa hivi, yarudishe." Wenye uzoefu nawawekea mwendo: taa ikiwaka, badilisha kitu kimoja tu, jicho, au kidole, au uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Taa zangu za bei nafuu huchukua sekunde moja au mbili kujaa tena, kisha zinalia. Tunacheza na mlio huo kama ngoma. Wasio na uzoefu wakipewa mwendo huo wanachanganyikiwa. Hao nawapa kitenzi kimoja na kuwaacha nacho hadi kiishe.

Kuna jambo linalonikera hadi leo. Studio ya mchana mmoja inaweza kuwa na mbunifu wa nguo, mpambaji, msusi, mteja na shemeji wa mteja, na wote wana midomo. Nilikuwa na mteja mmoja aliyesema kwa sauti, binti akiwa kwenye mwanga, "Mbona tumbo linaonekana?" Kazi ya siku ile iliisha hapo, ingawa tuliendelea kupiga kwa saa mbili. Sasa sheria yangu inasemwa kabla taa hazijawashwa: anayezungumza na mwanamitindo ni mmoja. Wengine waninong'oneze mimi, nami nitalipeleka likiwa limeshakuwa kitenzi. "Mbona tumbo" linafika kwake likiwa "uzito kwenye mguu wa nyuma, vuta pumzi juu".

Sheria ya pili ni ya mikono yangu. Kola imepinda, mkufu umegeuka. Vidole vinawasha kwenda kurekebisha. Nasema "naomba nirekebishe kola", kisha nasubiri jibu. Wengi watarekebisha wenyewe, na ndiyo bora. Kwa mwanamke aliyejistiri namwachia msusi wa kike, au kioo. Na jinsi unavyomwita mtu ni sehemu ya pozi lake. Mzee ni shikamoo kabla ya taa. Mama ni mama. Mwanamitindo wa kulipwa ana jina. Ukimwita "mrembo" kutwa nzima, umemwambia hukumbuki jina lake.

Kabla ya maneno yote hayo kuna picha. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na ambaye pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake, alibandika sampuli za kazi zake ili mteja aonyeshe kwa kidole anachokitaka. Filamu zilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu, hivyo makubaliano yalipaswa kufikiwa kabla ya kufyatua. Na kama pozi lililochaguliwa halikumfaa mteja, Keïta alimwambia na kumweka vingine. Sisi wenye kadi ya picha elfu mbili tumepoteza adabu hiyo ya kukubaliana kwanza. Nakaa na mwanamitindo, chai mkononi, kamera ikiwa mezani, tunatazama picha tatu nilizochagua. Tatu tu. Ukimwonyesha thelathini kwenye simu, umemwonyesha uwezo wa simu. Namuuliza upande wa uso anaoupenda na asichopenda kionekane, namwambia picha zitatumika wapi.

Mpiga picha Richard Avedon alikuwa na njia nyingine. Mwaka 1957 alipompiga Duke yule yule wa Windsor na mkewe, nyuso zao zilikuwa zimejifunga kwa tabasamu la kifalme. Alijua wanapenda mbwa kuliko kitu. Akawaambia, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, kwamba teksi iliyomleta ilimgonga mbwa. Sura zao ziliporomoka, akafyatua. Ilikuwa uongo, na picha ni kubwa kweli. Mimi nisingeweza, na si kwa utakatifu. Wale wawili hakuwa na haja ya kuwapiga tena Jumanne ijayo. Mimi wanamitindo wangu wanarudi, na wanazungumza wao kwa wao.

Hata ule ujanja mdogo wa kusema "tumemaliza" kisha kuendelea kupiga kimyakimya nimeuacha, ingawa ulinipa picha nyingi. Sasa nasema, "Kazi ya mteja imekwisha. Nina picha kumi za ziada ukitaka, zako." Wanaokubali ni wengi, na kabla ya lolote huvua viatu.