Baiskeli, joto na jasho: Usikose afya, usikose jamaa



Katika makala ya leo tunazungumza na ndugu zetu wa Unguja wanaokwenda kazini, sokoni na skuli kwa baiskeli, wale wanaotoka Fuoni, Bububu au Mwanakwerekwe na kuingia Darajani. Wapo wanaoiacha baiskeli ndani kila ukifika msimu wa kaskazi, wakisema joto hawaliwezi. Wapo pia wanaoendelea nayo, lakini ikiadhiniwa adhuhuri huona haya kuingia msikitini na jasho lao, wakaswali peke yao nyuma ya duka. Wa kwanza anapoteza afya, wa pili anapoteza thawabu za jamaa. Yote mawili yana dawa.

Faida usiyoilipia

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayeendesha baiskeli nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku tano, amepata dakika 300 bila kutoa hata senti. Mazoezi ya namna hii husaidia kujikinga na presha na kisukari, maradhi ambayo sisi matabibu tunakutana nayo kila siku. Kwa hiyo usiharakishe kuiuza baiskeli yako.

Jasho na msikiti

Ni vema ikafahamika kwamba jasho la mwanadamu ni twahara na wala halitengui udhu. Tena linapotoka halina harufu ya kutaja. Kikwapa huletwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, ambao hulivunjavunja jasho likibaki kwenye nywele na nguo. Tatizo basi si kutoka jasho, ni kuliacha likae.

Jambo hili si geni. Bibi Aisha (ra) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba watu walikuwa wakija kuswali Ijumaa kutoka majumbani mwao na vitongoji vya Madina, vumbi likiwapata na jasho likiwatoka. Zingatia kwamba Mtume (saw) aliwaelekeza wajisafishe kwa ajili ya siku ile. Hakuwaambia wabaki makwao. Nasi tufuate hivyo:

1. Endesha ukiwa na shati jepesi la pamba na suruali. Kanzu ikunje vizuri, itie kwenye mfuko, funga kwenye keria, uivae ukifika. Kanzu ndefu huingia kwenye mnyororo ikamwangusha mtu.

2. Fika dakika kumi mapema. Kaa kivulini mpaka jasho likatike, ndipo uoge au ujifute. Ukioga mwili ungali na moto, utatoka jasho upya.

3. Osha kwa sabuni makwapa, kinena na miguu. Pasipo na bafu, kitambaa na chupa ya maji vinatosha. Kisha jikaushe vizuri, hasa kinena na baina ya vidole, kwani unyevunyevu huzaa fangasi.

4. Nyoa nywele za kwapa na kinena. Katika hadithi ya Anas (ra) aliyoipokea Muslim, mwisho wa kuziacha ni siku arobaini. Kwa mwendesha baiskeli, usingoje zifike.

5. Nguo iliyorowa jasho usiirudie kesho. Ifue uianike juani.

Kwa akina dada

Baibui pana na jepesi hupitisha hewa. Hatari yake ni pindo na ncha za mtandio kunaswa na mnyororo au spoku. Chagua baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, yenye kava la mnyororo. Vaa suruali pana ndani, bana pindo kwa pini, na ncha za mtandio zichomekwe. Stara ibaki, na usalama ubaki.

Maji na wakati

Anayekanyaga pedeli juani anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Kunywa kabla ya kutoka, usingoje kiu. Tazama mkojo wako: ukiwa wa manjano mpauko, maji yanatosha, ukiwa mzito kama chai ya rangi, hayatoshi. Ukiweza, epuka safari ndefu baina ya saa 6 na saa 9 mchana. Mtume (saw) mwenyewe aliagiza kuchelewesha swala ya adhuhuri joto linapokuwa kali mpaka lipoe kidogo. Ikiwa swala imepewa nafasi hiyo, safari ya nyumbani nayo inaweza kungoja.

Ramadhani ndani ya kaskazi

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama 10 au 11, kwa hiyo miaka hii tunafunga katika kaskazi. Wengi hutoka kazini mapema, jua lingali utosini, na maji ya mwisho waliyokunywa ni ya daku.

Ukihisi kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, shuka. Kaa kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni. Usipopata nafuu, usijilazimishe. Qur'an katika Surat an-Nisaa, aya ya 29, imetukataza kujiua, na wanazuoni wamebainisha kwamba aliyefikwa na kiu inayohofiwa kumuangamiza hufuturu, kisha akailipa siku hiyo. Kung'ang'ania hadi kuzimia si subira.

Ukimkuta mtu anaongea ovyo, anapepesuka au ameanguka na mwili wake ni wa moto sana, huyo ubongo wake uko hatarini, hata kama bado anatoka jasho. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asiye na fahamu usimtie maji mdomoni. Panadoli haisaidii joto la namna hii.

Wenye kisukari wanaotumia sindano au vidonge wamuone daktari kabla ya Ramadhani, kwani kufunga na kuendesha baiskeli kwa pamoja kunaweza kushusha sukari ghafla.

Mwisho, tunaziomba kamati za misikiti na wenye maduka na ofisi: tengeni bafu moja lenye sabuni na msumari wa kutundikia kanzu, na kivuli cha kuwekea baiskeli. Gharama yake ni ndogo, na huenda ikarudisha safuni watu ambao hamjui kwa nini hamuwaoni.

Wabillahi tawfiiq.