Tusifyeke Nyasi za Shule, Tuzipunguze

Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya kukata. Kuni huchanjwa, matawi hupogolewa, nywele hunyolewa au hupunguzwa, na kichaka hufyekwa. Kila kitenzi kimebeba nia ya mtendaji. Anayefyeka hataki kukiona tena kile anachokifyeka. Anataka kulima au kujenga mahali pake. Anayepunguza, kwa upande mwingine, anataka kitu kibaki, ila kibaki kwa kiasi. Basi inafaa tujiulize ni kwa nini katika shule nyingi za Nyeri, Karatina, Othaya na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, nyasi za uwanjani hazipunguzwi bali hufyekwa tu, na ni kwa nini kitenzi hicho kimekuwa jina la adhabu.

Msomaji asidhani kwamba huu ni mchezo wa maneno wa mwalimu wa isimu aliyekosa kazi. Lugha tunayoitumia huongoza mikono yetu. Mwanafunzi aliyeambiwa "nenda ukafyeke" hufyeka kweli kweli, hadi udongo mwekundu uonekane. Mwezi unaofuata sote twalalamikia vumbi madarasani, na mvua ikinyesha twalalamikia matope.

Nyasi zenyewe si ngeni. Zile zilizoenea katika viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya hujulikana ulimwenguni kote kwa jina la kikuyu, na asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea kutoka Italia, Emilio Chiovenda, alizieleza rasmi kwa jina la Pennisetum clandestinum. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "iliyofichika", kwa kuwa maua yake hujificha ndani ya maganda ya majani. Tangu mwaka 2010 wataalamu wamezihamishia katika jenasi ya Cenchrus, lakini sifa ya kujificha zimebaki nayo.

Katika karne ya 20 nyasi hizi zilivuka bahari. Zilipelekwa Afrika Kusini, Australia, Marekani na Amerika ya Kusini. Wasemaji wa Kiafrikana huziita kikoejoe, na Wakolombia huziita kikuyo. Katika uwanja wa gofu wa Riviera, mjini Los Angeles, mabingwa wa mchezo huo hupiga mipira juu ya nyasi hizi hizi. Wakati huo huo serikali ya Marekani imeziorodhesha miongoni mwa magugu hatari, kwani zikipata nafasi hazijui mpaka. Ajabu ni kwamba mtunza bustani wa California husoma jinsi ya kuzitunza kikuyu kwa mwaka mzima, ilhali mwanafunzi wa Nyeri, anayezikanyaga kila asubuhi akienda gwarideni, hafundishwi lolote juu yake ila namna ya kushika fyekeo.

Vitabu vya ng'ambo huziweka kikuyu katika kundi la nyasi za majira ya joto, pamoja na ule ukoka tunaoujua wa pwani na wa maeneo ya chini. Jina hilo lina maana mahali palipo na kiangazi na kipupwe vya kweli. Huko nyasi za aina hii hukua kwa nguvu wakati wa joto, kisha hulala na kugeuka rangi ya majani makavu wakati wa baridi. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna majira hayo manne. Anayefuata maagizo ya kitabu kama hicho neno kwa neno, akitafuta majira ya kuchipua kule Naro Moru, atangoja sana. Kalenda yetu huandikwa na mvua. Wazee wa Kikuyu waliitambua mbura ya njahi, yaani mvua ndefu ya kuanzia Machi hadi Mei, na mbura ya mwere, mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna ubaridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, na jua kali la Januari na Februari.

Sasa tuitazame kalenda ya shule kando ya kalenda hiyo ya mvua. Katika mwaka wa kawaida, shule hufungwa mwezi wa Aprili, wakati mvua ndefu imepamba moto, na hufungwa tena kuanzia Novemba hadi mwaka mpya, wakati mvua fupi inaponyesha. Maana yake ni kwamba nyasi hukua kwa kasi zaidi wakati ambapo hakuna mtu wa kuzikata. Wanafunzi wanaporejea Januari huzikuta zimefika magotini. Mwalimu wa zamu hutoa amri, mafyekeo hutolewa stoo, na kwa siku mbili uwanja wote hufyekwa hadi shinani. Hilo hutendeka jua la Januari linapoanza kuwaka, na mvua ingali mbali.

Madhara yake yanaeleweka kwa yeyote anayejua jinsi nyasi zinavyoishi. Jani ndilo jiko la mmea; humo ndimo chakula hupikwa kwa mwanga wa jua. Kikuyu zikiachwa zirefuke, majani mabichi hubaki juu tu, na chini hubaki mashina makavu yaliyokosa mwanga. Ukizikata kwa mkupuo mmoja hadi chini, umeondoa jiko lote. Mmea hulazimika kula akiba iliyomo katika mashina yatambaayo juu ya ardhi na yale yaliyojizika chini yake, na mizizi nayo hudhoofika wakati ule ule inapopaswa kwenda chini kutafuta maji. Kikuyu ni ngumu, hazifi upesi. Lakini ukizifanyia hivyo mwaka baada ya mwaka, huacha mapengo, na mapengo hayo huchukuliwa na magugu au na mmomonyoko.

Kanuni ya kwanza ya kupunguza nyasi ni nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la nne: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi zikifika sentimita 6, zikatwe zibaki sentimita 4. Kama zimefika sentimita 30, zishushwe kwa hatua: kwanza hadi 20, baada ya wiki moja au siku kumi hadi 13, na kuendelea hivyo, ili majani mapya yapate kuchipua chini kabla ya yale ya juu kuondolewa. Chombo kiwe kikali. Fyekeo butu huchana jani badala ya kulikata, na ncha iliyochanika hukauka na kufungua mlango wa maradhi.

Baada ya kanuni hiyo, mwaka hujigawa wenyewe. Mvua ndefu inapoanza na udongo kulowa vizuri, huo ndio wakati wa kupanda. Chukua vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, uvifukie sehemu katika mifereji midogo, ukiacha ncha nje, kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Nyasi zilizokwisha kushika zitandaziwe samadi iliyooza na kuchekechwa, au zitiwe mbolea ya CAN kiasi cha gramu 20 kwa mita mraba, yaani kilo 2 kwa kipande cha mita 10 kwa mita 10. Mbolea hiyo inyunyizwe nyasi zikiwa kavu na mvua ikitarajiwa upesi, kwani chembe zake zikikaa juu ya majani mabichi huyaunguza. Katika miezi hii nyasi zikatwe mara kwa mara, hata kila wiki.

Juni hadi Agosti ni miezi ya subira. Jua huwa adimu, ukungu hushuka, na kikuyu, ambazo hupenda mwanga, hupunguza mwendo. Kuzilisha mbolea nyingi wakati huu ni kualika kuvu. Zikatwe kwa nadra, na kubwa kuliko yote, zisikanyagwe zikiwa zimelowa chepechepe, kwa maana udongo hushindiliwa ukawa kama sakafu. Penye kivuli cha miti mikubwa kikuyu hazitashamiri hata zikibembelezwa. Hapo afadhali kupanda aina ivumiliayo kivuli, au kuweka changarawe na viti.

Septemba na mwanzo wa Oktoba ni wakati wa kuutayarisha uwanja. Kikuyu hujiwekea tabaka nene la mashina makavu, mithili ya godoro, ambalo huzuia maji kufika ardhini. Mvua fupi inapobisha hodi, tabaka hilo likwanguliwe kwa reki, na ardhi itobolewe kwa uma wa shambani ili hewa na maji vipenye. Kisha samadi iwekwe mara ya pili, na mapengo yazibwe kwa vipandikizi vipya. Desemba inapokwisha nyasi ziwe zimeshushwa kwa hatua, lakini ziachwe na sentimita 5 au 6 za kuukabili ukame. Januari na Februari zisitiwe mbolea. Pakiwa na maji ya ziada, zinyweshwe mara chache lakini kwa kina, kwani maji kidogo ya kila siku huifundisha mizizi kukaa juu. Pasipo na maji, ziachwe zigeuke kahawia, zitaamka.

Kalenda hii haifanani mahali pote. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hapo kikuyu ziko nyumbani. Nanyuki iko juu zaidi, lakini ni kukavu kwa kuwa mvua nyingi huishia upande wa pili wa mlima. Huko nyasi ziachwe ndefu zaidi. Upande wa mashariki, kuanzia Embu hadi Meru, mvua za Oktoba hadi Desemba hutegemewa sana, hivyo kazi ya kupanda yaweza kufanywa wakati huo. Mwalimu mwenye kipimamvua cha mkebe na daftari ataijua kalenda ya shule yake kuliko kitabu chochote.

Wapo watakaosema kwamba uwanja wa nyasi ni anasa tuliyoachiwa na walowezi, na kwamba ua wa mababu zetu ulifagiliwa ukawa mweupe ili nyoka asipate maficho. Hoja hiyo ina ukweli, na sitaipuuza. Lakini ua wa nyumba moja si kiwanja cha ekari nne kilicho kwenye mteremko na kukanyagwa na watoto mamia. Mahali pa namna hiyo, udongo usiovikwa huondoka. Hushuka hadi mito ya Chania na Sagana, ukaingia Tana, na hatimaye ukatuama kama mashapo katika bwawa la Masinga, ambalo taifa hulitegemea kwa umeme. Nyasi za uwanjani ni nguo ya ardhi kabla ya kuwa pambo la macho.

Wengine watauliza: nani atakata nyasi wakati wa likizo, na shule haina fedha? Jibu liko nje ya ua. Kaunti zetu zimejaa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ambao huamka alfajiri kutafuta majani, na kikuyu ni malisho mazuri. Kamati ya shule na ikubaliane na wazazi wafugaji waje Aprili na Novemba na mundu zao, wakate kwa kimo kilichowekwa, wachukue majani. Shule itabaki na uwanja uliopunguzwa, na ng'ombe atashiba. Sharti liwe moja tu: uwanja usiwe umenyunyiziwa dawa.

Linabaki suala la adhabu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na ilikuwa haki. Lakini naona kwamba sehemu ya kazi yake imerithiwa na fyekeo. Mtoto aliyechelewa hufyeka. Aliyezungumza lugha isiyotakiwa hufyeka. Aliyepiga kelele hufyeka. Tumemfundisha nini? Kwamba kuishughulikia ardhi ni fedheha ya mkosaji, na kwamba mwanafunzi mwema ni yule asiyeigusa. Kisha twashangaa vijana wanapokimbia kilimo. Mtu hawezi kuchukia kazi kwa miaka kumi na miwili ya shule, halafu aipende siku ya kupokea cheti.

Pendekezo langu kwa walimu ni hili. Kazi ya nyasi iondolewe katika daftari la makosa, iingizwe katika somo la Kilimo. Kila darasa lipewe kipande chake, lipime urefu kwa rula, liandike tarehe za mvua na za kukata, na lilinganishe kipande kilichofyekwa na kile kilichopunguzwa. Humo mna hesabu, mna sayansi, na mna insha ya Kiswahili ambayo mwanafunzi hatainakili kwa mwenzake. Nanyi wanafunzi, mkitumwa uwanjani Januari hii, mwulizeni mwalimu kwa adabu: tufyeke, au tupunguze?